Mwalimu wa Vipimo Vitatu

Kwetu Maruku kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuwahi kuuliza njia. Akipotea, alikueleza wewe mwenyeji kwamba njia ndiyo iliyokosea. Sote tulimwita Mwalimu, na mpaka leo ukitaja Mwalimu tu, bila jina, hakuna atakayekuuliza yupi. Alifundisha hesabu kwenye shule yetu ya sekondari miaka mingi. Aliwafundisha wajomba zangu, akanifundisha na mimi, na angepata nafasi angemfundisha Mungu namna ya kupanga vilima vya Kagera, maana vile vilima vilimkera sana. Alisema havina utaratibu.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, hayo sitayasema. Wapo watakaoyaeleza siku ya msiba wake, tena kwa urefu, na wali utapoa. Mimi nasema ninayoyajua.

Nianze na kile kidole. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kirefu, chenye chaki kwenye kucha hata siku ya Jumapili. Kikiinuka, mazungumzo yamekwisha. Alikiinua darasani, alikiinua kanisani wakati wa matangazo, alikiinua hata kilabuni kwenye lubisi, pombe yetu ya ndizi, ambayo yeye hakuigusa. Alipita tu pale kuwasahihisha waliokuwa wanakunywa. "Vipimo vitatu, pembetatu moja," alikuwa anasema, kidole juu. "Nipe vipimo vitatu, nakupa pembetatu moja, na nyingine haipo chini ya jua!" Na wazee wazima, watu wenye wajukuu, waliitikia kwa vichwa kama wamesomewa Injili. "Mwalimu waitu," walisema kwa ile heshima yetu, "wewe umesoma." Basi hapo alivimba mpaka vifungo vya koti vikaomba msaada.

Ingekuwa rahisi kusema alikuwa mjinga, na mimi ningepumzika. Hakuwa mjinga hata kidogo, na hilo ndilo linalonitia hasira.

Darasani alikuwa mwalimu kwelikweli. Somo la pembetatu alilifundisha kwa matete. Alitutuma bondeni tukayakate, kila mmoja vipande vitatu kwa urefu aliouandika ubaoni, kisha tuviunganishe kwa kamba za migomba. Tulipomaliza alizikusanya pembetatu zote akazilundika mezani moja juu ya nyingine. Zikalaliana sawasawa, hakuna iliyotokeza ncha. Darasa zima tulipiga kelele za furaha. Kesho yake akatupa pande mbili na pembe iliyo kati yake, zikalaliana tena. Kisha pembe mbili na upande mmoja, zikalaliana. Halafu akatupa pembe tatu tupu, bila urefu wowote. Ya mwenzangu ikatoka kubwa kama ungo, yangu ikatoka ndogo ya kukaa kiganjani, na pembe zote ni zilezile. "Mnaona?" akasema. "Pembe bila upande ni maneno ya wanasiasa wakati wa kampeni." Tulicheka mpaka machozi, na sijawahi kulisahau somo lile.

Ikabaki hali moja. Pande mbili na pembe, ila pembe yenyewe haiko kati ya pande hizo, imekaa kwenye kona nyingine. Nikanyoosha mkono nikauliza, na hiyo je, Mwalimu?

"Hiyo haina adabu," akasema. "Msiiguse. Pembe lazima iwe kati."

"Kwa nini, Mwalimu?"

Kidole kikainuka. Nilisimama nyuma ya darasa nikitazama ukuta mpaka kengele ilipolia, na jibu sikupewa. Leo mimi mwenyewe nafundisha hesabu huko Ngenge, wilaya ya Muleba, na mtoto wangu wa darasani akiuliza kwa nini, anajibiwa. Hilo nimejifunza kwake kwa kutazama ukuta.

Sasa shika jambo hili, maana ndilo lenyewe. Darasani alisema pembe lazima iwe kati, na ole wako uandike vingine. Akitoka nje ya geti la shule, ile sehemu ya "lazima iwe kati" aliiacha kwenye meza ya walimu pamoja na daftari la mahudhurio. Kijijini ilikuwa "vipimo vitatu, pembetatu moja", basi. Kwa nini? Kwa sababu watu hawapigii makofi masharti. Ukimwambia mkulima wa kahawa "inategemea", anakutazama tu na kuendelea kupalilia. Ukimwambia "moja, na nyingine haipo", anakuvulia kofia. Mwalimu alipenda kuvuliwa kofia kuliko alivyopenda hesabu. Nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu.

Wapima ardhi wa serikali wako mjini, na kuwafikisha shambani kwako ni safari ndefu ya kusubiri. Mwalimu alikuwa karibu, hakutaka malipo, na alikuwa na baiskeli. Kwenye baiskeli hiyo alifunga kile kipimapembe kikubwa cha mbao cha kuchorea ubaoni, na alipopita barabarani nacho ungedhani padri amebeba ekaristi. Alipima misingi ya nyumba. Alipima shimo la choo cha shule ya msingi, akabishana na wachimbaji kuhusu kona za shimo la choo, jamani! Kwenye harusi ya dada wa rafiki yangu aliona turubai limefungwa upande, akaamuru lifunguliwe lote lifungwe upya, kwa kuwa paa lake lilikuwa halifanani kushoto na kulia. Maharusi walisimama juani. Ndizi zilipoa, nyama ikaganda mafuta. Baba wa bwana harusi, mtu mpole, alimsogelea akasema, "Mwalimu waitu, tule kwanza." Mwalimu akamjibu kwamba kula ni kwa muda, pembe ni ya milele. Turubai lilipokwisha kufungwa kwa vipimo vyake, mvua ikanyesha, likavujia meza kuu.

Na nyumba yake mwenyewe? Mawe, mama yangu! Uzio wake ulipinda kama mtu mwenye tumbo la kuuma. Kila mtu aliona, hakuna aliyethubutu kusema. Mkewe, Mungu amlaze pema, ndiye pekee aliyethubutu. Siku moja mbele yetu alimwambia, "Ungeanza na hapa." Mwalimu akaenda kulisha ng'ombe.

Nitakuwa mwongo nisipompa haki yake. Hakula rushwa. Tulifundishwa naye jioni bure, sisi wasichana, sebuleni kwake, mkewe akitupikia uji, kwa sababu alisema wasichana wanarudi nyumbani kupika na hawapati muda. Alipanda baiskeli kutoka Maruku mpaka ndani huko Muleba kumfuata mwanafunzi aliyetaka kuozwa, akasimama uani kwa baba wa binti akakataa kuondoka. Alikataa chai, alikataa kiti, alikataa kahawa ya kutafuna ambayo kwetu ukimkatalia mtu umemtukana. Alikuwa anarudia neno moja tu, "Huyu anajua hesabu." Walimchoka wakampa mtoto wake arudi naye. Yule binti leo ni daktari. Hilo nampa, na nampa kwa moyo wote.

Lakini hilo la kutokula rushwa, kwangu mimi lilikuwa balaa. Mtu aliyehongwa unaweza kumshitaki. Unaweza kumsema, unaweza hata kumhonga zaidi ukamrudisha. Aliyekosea kwa sababu ya kiburi chake, na mikono yake ni safi, utamshika wapi? Afadhali angekula rushwa.

Sasa nieleze kilichotupata.

Kwetu mtu huzikwa kwenye kibanja chake, katikati ya migomba yake mwenyewe. Makaburi ya pamoja ni mambo ya mjini. Kumzika mtu kwenye kibanja cha mwingine ni kumtangazia kwamba hakuwa na kwake. Baba yangu alizikwa kwetu, karibu na mpaka, kwa sababu hapo ndipo alipopenda kukaa jioni akipiga soga na mdogo wake, baba yetu mdogo, ambaye kibanja chake kinaanzia pale chetu kinapoishia. Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyeshika jembe akachimba kaburi lile. Alilia siku ile mpaka akakalishwa chini.

Miaka miwili mitatu baadaye ukaja mnyauko wa migomba. Ukiingia shambani hauna dawa, unang'oa kila kitu. Vibarua wakafyeka upande wote ule, na pamoja na migomba wakang'oa mulamula, ile mimea tunayoipanda kuonyesha mipaka. Ilipofika wakati wa kupanda upya, baba mdogo akasema mpaka uko huku, kabla ya kaburi. Mama akasema uko kule, baada ya kaburi. Baba mdogo akasema siku ya msiba mvua ilikuwa inanyesha, kila mtu analia, nani aliangalia mpaka? Majirani walijua, ila hakuna aliyetaka kuingia kati ya nyumba mbili za ndugu. Mwenyekiti wa kijiji akaona njia nyepesi. Akasema, "Aitwe Mwalimu."

Kibanja chetu kina kona tatu. Ya kwanza ni jiwe kubwa la barabarani. Ya pili ni mfenesi. Hizo zipo mpaka leo. Ya tatu ndiyo iliyopotea. Kilichojulikana ni kwamba mpaka wa juu unaanzia kwenye jiwe na kunyooka kuelekea mnara wa kanisa la Kilutheri, na kona ya tatu iko mahali fulani kwenye mstari huo. Na kutoka kwenye mfenesi mpaka kona hiyo ni urefu wa kamba moja ya katani, ambayo babu aliikata siku aliyowagawia wanawe, na mzee wa ukoo akaitunza darini kwake. Ndiyo hivyo tu. Jiwe mpaka mfenesi, upande mmoja. Kamba, upande wa pili. Na pembe ya pale kwenye jiwe.

"Vipimo vitatu," akasema Mwalimu akishuka kwenye baiskeli, na uso wake ukang'aa.

Mimi nilikuwa kidato cha pili, nimevaa sare. Nikatazama. Pande zetu mbili zinakutana kwenye mfenesi, na pembe tuliyokuwa nayo iko kwenye jiwe. Haikuwa kati. Ilikuwa ile hali isiyo na adabu, ile aliyotukataza kuigusa.

Kamba ikafungwa kwenye mfenesi. Baba mdogo akashika ncha yake, akaanza kutembea kwenye ule mstari kutoka kwenye jiwe kuelekea mnara. Mwanzo kamba haikufika. Akaendelea, ikafika, ikakaza ndi. Mwalimu akainua kidole. "Hapo!" Watu wakapiga makofi. Pale palikuwa kabla ya kaburi, na kaburi la baba likabaki upande wa pili.

Baba mdogo, kwa kuzubaa au kwa furaha, sijui, alipiga hatua chache mbele akiwa bado na ncha ya kamba mkononi. Na mimi nikaiona kamba inalegea. Ikashuka chini, ikagusa majani. Nikaelewa palepale, bila kufundishwa na mtu. Kama kamba imelegea hapa, basi huko mbele itakaza tena, na huko nako kutakuwa na kona halali, kwa jiwe lilelile, kwa mfenesi uleule, kwa kamba ileile. Pembetatu mbili. Moja fupi inamwacha baba nje, nyingine ndefu inamweka ndani.

"Mwalimu," nikasema, "aendelee mbele kidogo. Itakaza tena."

Alinigeukia. Nataka ujue kwamba aliangalia kamba kwanza, ndipo akaniangalia mimi.

"Nani mwalimu hapa?"

"Lakini pembe haiko kati..."

"Kaa kimya, mtoto! Vipimo vitatu, pembetatu moja."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kumwonea mtoto haya. Mama akanishika mkono. Mulamula mpya zikapandwa jioni ileile, na kama unavyojua mulamula hukua haraka.

Sitaki kusimulia sana miaka iliyofuata. Mama aliomba ruhusa kwenda kupalilia kaburi la mumewe. Nasema aliomba ruhusa! Alisimama kwenye mulamula akaita "Shemeji!" na kusubiri, na shemeji siku nyingine alisikia na siku nyingine hakusikia. Ukimlaumu baba mdogo alikunja mikono. "Si mimi niliyesema. Ni hesabu. Mwalimu alipima, wewe unamshinda Mwalimu?" Huo ndio uliokuwa mlango wake wa kutokea. Aibu yake yote aliificha nyuma ya koti la Mwalimu, na Mwalimu alipita barabarani akitusalimia, kichwa juu, akimuuliza mama habari za migomba. Mama aliacha kuitikia. Mimi niliitikia kwa sababu alinifundisha, na kila nilipoitikia nilijichukia.

Mwaka huu mama ameugua. Moyo, wanasema, na miguu inavimba. Tulimpeleka hospitali tukamrudisha, na aliporudi alituketisha akasema jambo moja. Akifa azikwe ubavuni mwa baba yetu, na kama haiwezekani tusihangaike na misa kubwa wala sanda nzuri, maana hayo mengine kwake ni upuuzi. Nikaenda kwa baba mdogo. Naye amezeeka, ana jicho moja linalotoa machozi. Alinisikiliza, akafuta jicho, akasema, "Mwanangu, mpaka ule aliuweka Mwalimu. Mwalimu akija akisema mwenyewe, mimi nina neno gani?" Alijua kwamba Mwalimu hawezi kuja kusema. Dunia nzima ilijua.

Mwalimu siku hizi anaishi Buhembe, kwa binti yake. Nilimkuta uani kwenye kiti cha plastiki, miguu ndani ya soksi mbili mbili, amekonda, kofia imekuwa kubwa. Binti yake alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Akanitambua mara moja.

"Wewe ni yule wa kwa nini, kwa nini."

"Ndiyo mimi. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Unafundisha wapi?"

"Ngenge. Hesabu."

"Wanakuelewa?"

"Nikiwajibu maswali wananielewa."

Hakulipenda hilo, na nililisema ili asilipende. Nikamweleza kuhusu mama. Nikamweleza alichosema baba mdogo. Alipoanza kuinua kidole, sikumsubiri. Nikamwambia, "Mwalimu, ile pembe ilikuwa kati?"

Kidole kikabaki hewani. Binti yake aliacha kumenya. Mwalimu akakishusha kidole taratibu, akakiweka juu ya goti, akakitazama.

"Niliiona kamba," akasema.

"Lini?"

"Siku ileile. Ilivyolegea, niliiona. Na wewe ulivyosema nilijua unasema kweli."

Jamani, mimi nilidhani nimejiandaa kwa kila kitu. Miaka yote nilikuwa nabishana kichwani na mtu asiyejua, kumbe alijua! "Sasa kwa nini?" Sauti ilinitoka kubwa, mpaka jirani akachungulia.

"Walishapiga makofi," akasema.

Basi! Ndiyo sababu yote hiyo. Mama yangu amesimama kwenye majani akiita shemeji, shemeji, mvua inanyesha, jua linawaka, kwa ajili ya makofi ya watu ambao jioni yake walikuwa wameshasahau walichopigia. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia na mengine ambayo binti yake aliyasikia na hakunizuia. Nikamwambia kama aibu ingekuwa na vipimo yake isingetoshea kwenye uwanja wa ndege wa Bukoba. Alikaa akasikiliza.

"Nikienda kusema pale nilikosea," akasema mwishowe, "kesho watakuja wote. Mipaka yote niliyoweka. Kila mwenye ugomvi na jirani yake."

"Waje."

"Wewe unasema waje. Mimi ndiye watakayemjia."

"Mwalimu, baba mdogo anasubiri kitu kimoja tu. Anasubiri ufe, ili neno hilo lisisemwe milele."

Akanitazama kwa ukali, ukali wa zamani kabisa. "Nani kamwambia mimi nakufa?" Akamgeukia binti yake. "Wewe, mama, nipe koti langu."

Binti yake akaleta koti. Tukamwingiza kwenye gari la kukodi, mmoja huku mmoja kule, na njia nzima mpaka Maruku alimfundisha dereva namna ya kukata kona.

Tulimkalisha kwenye kiti juu ya ule mstari wa mpaka wa juu, karibu na mulamula. Baba mdogo alitoka. Mama naye alitoka, ameshikwa na dada yangu, akakaa kwenye mkeka bila kumsalimia mtu. Majirani, wale ambao kwa miaka yote walikuwa na kazi nyingi, siku hiyo wote walipata nafasi. Mzee wa ukoo akaleta kamba. Ikafungwa kwenye mfenesi, na ncha nikaishika mimi.

"Tembea," akasema Mwalimu.

Nikatembea kutoka kwenye jiwe. Kamba ilikaza palepale kwenye mulamula.

"Endelea."

Ikalegea. Nikapita usawa wa kaburi la baba. Ikaburuzika kwenye nyasi, kisha ikaanza kuinuka, ikainuka, ikakaza tena, mbele ya kaburi, hatua nyingi mbele. Nikasimama. Hakuna aliyepiga makofi.

"Siku ile nilisimamia pa kwanza," akasema Mwalimu, na sauti yake ilikuwa ndogo, ilibidi watu wasogee. "Nilikuwa naona kwamba pa pili papo. Nikanyamaza. Nilikosea, na nilikosea kwa makusudi."

Watu wakaguna. Mimi nikamtazama baba mdogo. Alifuta lile jicho lake, na nikaona anatafuta mlango mwingine wa kutokea, na akaupata.

"Sawa, Mwalimu. Sasa mpaka ni upi? Wa kwanza au wa pili?"

Mimi nafundisha jambo hili, na jibu nalijua. Vile vipimo havichagui. Kamba inakubali huku, inakubali na kule. Nikajua Mwalimu akisema "wa pili" atakuwa anadanganya kwa mara ya pili, safari hii kwa faida yetu, na nikawa namwombea kwa roho yangu yote adanganye.

"Sijui," akasema Mwalimu.

Mama alifumba macho.

"Vipimo vinakubali zote mbili," akaendelea. "Hesabu inaishia hapo. Haiwezi kwenda zaidi."

"Basi," akasema baba mdogo, na mabega yake yakashuka kwa raha. "Kama Mwalimu hajui, nani anajua?"

"Wewe."

Baba mdogo akacheka kidogo. Alipoona hakuna anayecheka naye, akaacha.

"Nani alichimba kaburi hili?" akauliza Mwalimu.

"Mimi. Kila mtu anajua ni mimi."

"Jembe ulilishika mwenyewe."

"Nililishika mwenyewe, Mwalimu. Alikuwa kaka yangu!"

"Siku ile mimi sikuwepo. Hapakuwa na kamba, hapakuwa na kipimapembe, hapakuwa na vipimo vitatu. Ulikuwa wewe na jembe. Ulipochagua mahali pa kumlaza kaka yako, ulimlaza kwa nani?"

Baba mdogo akamtazama mwenyekiti, akamtazama mzee wa ukoo, akaona kila mtu anasubiri na hakuna koti la mtu la kujificha nyuma yake. Akalitazama kaburi. Jicho lile bovu lilikuwa linatiririka, na la pili nalo likaanza.

"Kwake," akasema.

"Sema kwa nguvu," akasema mama kutoka kwenye mkeka. Yalikuwa maneno yake ya kwanza siku ile. "Mimi sisikii vizuri siku hizi, shemeji."

"Nilimzika kwake! Kwenye kibanja chake."

Mama akawageukia majirani, mmoja mmoja, akawapitia wote kwa macho mpaka wa mwisho.

"Mmesikia?"

"Tumesikia, mama," wakasema.